Kituo cha sanaa za majaribio ni nini, na mji unakihitaji kwa nini

Kituo cha sanaa za majaribio ni mahali panapopokea kazi ambayo bado haina soko, haina wapenzi, na pengine haina hata jina. Mwenye ukumbi wa kawaida humwuliza msanii kama atajaza viti. Makumbusho hutaka kujua kama ameshatambulika. Kituo cha namna hii humwuliza anajaribu nini ambacho hakijajaribiwa, kisha humpa chumba, umeme, spika na usiku mmoja mbele ya watu wachache. Onyesho likiharibika, hasara ni ya kituo.

Hilo la mwisho ndilo kiini cha dhana yenyewe. Kumbi zinazojiita za kisasa ni nyingi, lakini ukienda kuomba nafasi unakabidhiwa ankara: ukumbi bei hii, vyombo bei hii, ulinzi na usafi bei hii. Huo ni ukumbi wa kukodisha, hata kuta zake zichorwe vipi. Msanii anayebeba hasara peke yake atapiga kile ambacho watu tayari wanakipenda, na hawezi kulaumiwa kwa hilo, maana ana kodi ya kulipa na watoto wa kulisha.

Anayedhani majaribio ni mambo ya Wazungu akumbuke mzozo wa mashairi huru. Miaka ya 1970, mwandishi wa Tanzania Euphrase Kezilahabi alipotoa mashairi yasiyofuata vina na mizani, wanamapokeo walikataa katakata kuyaita mashairi. Leo wanafunzi wa sekondari wanatahiniwa juu ya mashairi ya aina hiyohiyo. Ila mshairi anahitaji kalamu na karatasi tu. Mcheza dansi anahitaji sakafu, mpiga vyombo vya umeme anahitaji mahali ambapo majirani hawatamwitia polisi, na mtu wa video anahitaji mashine ambazo mfuko wake hauziwezi. Hapo ndipo kituo kinapoingia.

Mfano ninaouona kuwa bora kuliko yote ni The Kitchen, yaani Jikoni, ya New York. Ilianza mwaka 1971, pale msanii wa video Woody Vasulka, mzaliwa wa Brno, Chekoslovakia, na mkewe Steina, mpiga fidla kutoka Iceland, walipohitaji mahali pa kuonyeshea video. Video ilikuwa kifaa kigeni wakati huo. Majumba ya sinema hayakuwa na haja nayo kwa kuwa haikuwa filamu, na wauzaji wa picha hawakujua waitundike wapi. Wawili hao wakapata lililokuwa jiko la hoteli kongwe ya Broadway Central, ndani ya kituo cha sanaa cha Mercer, na jina la jikoni likabaki hadi leo. Upande wa muziki alikabidhiwa Rhys Chatham, kijana ambaye hata miaka 20 alikuwa hajaifikisha. Sioni wizara ya utamaduni ambayo ingethubutu kufanya hivyo.

Agosti 1973 hoteli ile iliporomoka na kuua watu. Mwaka huohuo The Kitchen ikawa imeshika nafasi mpya SoHo, mtaa mwingine wa New York, kwenye kona ya mitaa ya Wooster na Broome, katika eneo la viwanda vilivyokuwa vikifungwa kimoja baada ya kingine.

Kilichofuata kinaeleza vizuri kazi ya kituo kama hiki katika utamaduni wa mji. Wasimamizi wa muziki walibadilishwa kila baada ya miaka michache, na kila mmoja alikuwa msanii mwenyewe, si karani. Arthur Russell, mpiga cello aliyeshika kazi hiyo kuanzia 1974, aliialika bendi ya roki ya Modern Lovers. Baadhi ya wazoefu wa pale hawakufurahi: kwao muziki wa majaribio na roki havikai chumba kimoja. Mwaka 1976 bendi ya Talking Heads ilipiga pale, kabla haijatoa albamu yake ya kwanza. Mwaka 1980 akaja George Lewis, mpiga tromboni kutoka Chicago, na akawafungulia mlango wapigaji Weusi wa muziki unaobuniwa papo kwa papo, ambao kumbi za muziki wa majaribio zilikuwa zimezoea kuwaweka kwenye fungu la jazi na kuachana nao. Kwa hiyo kituo hakikuzaa mtindo mmoja. Kilikutanisha watu ambao kila mmoja alikuwa na mlango wake mjini, na mingi ya milango hiyo ilikuwa imefungwa.

Laurie Anderson alikuwa miongoni mwa waliofanya maonyesho pale miaka ya 1970, akichanganya hadithi, fidla na vifaa vya umeme mbele ya watazamaji ambao wengi wao walikuwa wasanii wenzake. Mwaka 1981 wimbo wake ulifika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Mtunzi wa muziki Philip Glass, mwingine wa kundi hilo, alikuwa bado akiendesha teksi ili aishi, na baadaye nyumba kubwa za opera zikawa zinamgombea. Mhasibu angeangalia mapato ya mlangoni ya usiku wao wa mwanzo, angeandika hasara, na kwa hesabu za usiku ule angekuwa sahihi. Faida ilikuja miaka mingi baadaye, kwenye vitabu vya kampuni za rekodi na kumbi nyingine.

Ndiyo maana kituo cha aina hii hakiwezi kuishi kwa tiketi. The Kitchen ilitegemea ruzuku, hasa za jimbo la New York, ambalo bajeti yake ya sanaa ilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwetu mzigo huo umebebwa zaidi na balozi na mashirika ya nje. Fedha hizo zimefanya kazi ya kuonekana, lakini zina tabia yake: mfadhili akibadili vipaumbele, mchongaji wa sanamu hujikuta anaandika andiko la mradi kuhusu afya ya uzazi.

Afrika Mashariki haijakosa vituo vyenye roho hii. Paa ya Paa ilifunguliwa Nairobi mwaka 1965, na mchoraji Elimo Njau, Mchaga wa Marangu, akiwa mstari wa mbele. GoDown ilianza 2003 katika godauni la Dunga Road, eneo la viwanda la Nairobi, ikaweka studio za wachoraji, wacheza dansi na wanamuziki kwenye uwanja mmoja. Nafasi Art Space ya Dar es Salaam, iliyoanza 2008, iko Mikocheni, pia kwenye eneo la viwanda, na baadhi ya studio zake ni makontena ya meli. Mtu anayepita nje huenda asijue kuna nini ndani, na hapo kuna lawama ya haki: mara nyingi watazamaji ni walewale, wanajuana kwa majina, na mkazi wa jirani hajawahi kualikwa. Kituo kikizidi kujifungia, majaribio yake hayamfikii mtu wa kuyakataa, na kukataliwa ni sehemu ya jaribio.

Tazama pia vinapokaa: jiko la hoteli, kiwanda kilichofungwa, godauni, makontena. Majaribio hufuata kodi ya chini. Kisha wasanii huupa mtaa sifa, mikahawa hufuata, na kodi hupanda mpaka wao wenyewe wanahama. SoHo sasa ni maduka ya mavazi ya bei kali. The Kitchen ilihamia Chelsea, mtaa mwingine wa New York, katikati ya miaka ya 1980 na, tofauti na vituo vingi vya rika lake, ikanunua jengo lake kwenye mtaa wa 19. Baadaye Chelsea nayo ikajaa majumba ya kuuza picha na bei za ardhi zikapaa, lakini hakukuwa na mwenye nyumba wa kuja kuitoa.