Je, wajua kwanini hewa "nzito" ya bahari haiuzuii mpira wa gofu?

Kwa kawaida kila mwezi wa nne, wiki moja tu baada ya Masters, moja ya mashindano makubwa kabisa ya gofu, kuisha kule Augusta, wachezaji wakubwa wa gofu wanashuka kisiwa cha Hilton Head, South Carolina, Marekani, kucheza mashindano ya RBC Heritage, mwendo wa gari wa kama saa mbili na nusu hivi, na ukisimama kwenye kamba na watazamaji wengine hazipiti dakika nyingi hujasikia mtu anasema: hapa mpira hauendi, si unaona hewa ya bahari ilivyo nzito. Anasema mtazamaji mwenye kofia ya majani, anasema mtangazaji, na wachezaji wengine wanasema kabisa kwenye maiki. Na inaingia akilini, maana uko kisiwani, shati limegandamana na mgongo, hewa unaivuta kama ina kitu ndani yake.

Ila ni kinyume chake. Hewa yenye unyevu ni nyepesi kuliko hewa kavu. Sio sawa, nyepesi kabisa. Kama unyevu una kazi yoyote kwa mpira unaopaa, basi unausaidia kidogo uende mbele.

Kwanza kisiwa chenyewe kwa ufupi. Daraja la kwanza kutoka bara lilifunguliwa 1956, kabla ya hapo unafika kwa boti, na wakazi wengi walikuwa Wagullah, wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka Afrika Magharibi na ya Kati, na ndo maana pale pale kisiwani kuna Mitchelville, mji ulioanzishwa 1862 kwa ajili ya watu waliotoka utumwani (hii yenyewe ingetosha makala nzima, siku nyingine). Afu akaja Charles Fraser akaanza kujenga mahoteli na majumba ya mapumziko upande wa Sea Pines, akamleta Pete Dye achore uwanja wa Harbour Town, bingwa wa gofu Jack Nicklaus akiwa mshauri wake, na mashindano ya kwanza yakachezwa 1969, akashinda bingwa mwingine, Arnold Palmer. Ule mnara wa taa wenye mistari myekundu na myeupe unaouona nyuma ya shimo la 18 kwenye kila picha nao sio wa zamani wala haukujengwa na serikali kuongoza meli, Fraser ndo aliujenga, ukakamilika 1970, na kwa kweli kazi yake kubwa ni kupendeza. Bingwa anavalishwa koti la tartani, kile kitambaa cha mirabamiraba cha Kiskoti. Ufunguzi bingwa mtetezi anapiga mpira moja kwa moja majini na mzinga unalia wakati huo huo, na Jumapili boti zinajaa kwenye mlangobahari wa Calibogue, watu wamekaa juu na vinywaji vyao wanatazama bure.

Sasa turudi kwenye hewa. Kwanini watu wazima wenye akili zao wanaamini hewa ya unyevu ni nzito? Sababu ya kwanza ni mwili. Kwenye fukuto jasho halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, moyo unafanya kazi zaidi, unajisikia umebeba kitu. Mwenye pwani yake anaijua hii vizuri, ile siku Dar au Mombasa hakuna upepo na mvua inanukia ila hainyeshi. Uzito unaousikia ni wa kweli, ila uko kwako, haupo kwenye hewa. Ngozi yetu ni mizani mbovu kabisa.

Sababu ya pili ni maji. Mtu anafikiria ndoo ya maji ina uzito gani, anafikiria hewa, anaona ukichanganya maji kwenye hewa lazima hewa iongezeke uzito. Hapo kosa lipo sehemu mbili. Kwanza, unyevu tunaouzungumzia ni mvuke, gesi isiyoonekana, sio matone. Ukungu na mawingu ni matone madogo madogo yanayoonekana, hayo ni habari nyingine. Pili, na hapa ndo penyewe, mvuke hauongezwi juu ya hewa iliyopo. Unachukua nafasi ya hewa iliyopo.

Chukua daladala lenye viti 100 (najua hakuna la ukubwa huo, nivumilie). Gesi ina kanuni moja ya ajabu: kama joto na mgandamizo ni ule ule, basi ujazo ule ule unabeba molekuli idadi ile ile, haijalishi ni za gesi gani. Yaani viti ni 100, havizidi, na kusimama hairuhusiwi. Kwenye hewa kavu viti 78 vimekaliwa na naitrojeni, 21 na oksijeni, na kimoja tuseme ni agoni. Sasa wapime abiria. Kila naitrojeni ana uzito wa 28, kila oksijeni 32, yule agoni mmoja ana 40. Jumla daladala lina karibu 2,900. Wakija abiria wa mvuke wa maji, wanapata viti pale tu wengine wanaposhuka, na abiria wa mvuke ana uzito wa 18 peke yake, maana maji ni oksijeni moja na haidrojeni mbili, na haidrojeni ni kitu chepesi kuliko vyote duniani. Kwahiyo kashuka mtu wa 28, kapanda wa 18. Daladala limejaa vile vile, konda ana nauli zile zile, ila matairi yamepumua kidogo.

Watashuka wangapi? Wachache mno. Siku ya mwezi wa nne kisiwani, joto nyuzi 20, unyevu mwingi, ni kama viti 2 kati ya 100 tu ndo vimebadilisha abiria. Piga hesabu: umepunguza 22 hivi kwenye 2,900. Haifiki hata asilimia moja. Hata siku ya joto la nyuzi 30 na hewa imeshiba mvuke mpaka haiwezi tena, tofauti na hewa kavu ya joto lile lile ni kama asilimia moja na nusu. Kwahiyo mpira unakutana na kizuizi kidogo zaidi, unaenda mbele zaidi, lakini kwa kiasi ambacho mchezaji hawezi kukiona kwa macho, na kuna mpira mwingine humo humo kwenye begi lake unaotofautiana na mwenzake zaidi ya hapo. Tena hewa nyepesi inapunguza pia ule unyanyuaji ambao mpira unaupata kwa kuzunguka, kwahiyo hata faida yenyewe hailingani moja kwa moja na asilimia. Na kuithibitisha uwanjani ni kazi, maana hakuna binadamu anayepiga mipira miwili sawasawa, unahitaji mashine, na hata mashine inahitaji siku mbili zinazofanana kila kitu isipokuwa unyevu. Ndo maana namba nyingi za jambo hili zinatoka kwenye hesabu na kompyuta kuliko kwenye nyasi.

Basi kwanini mpira kweli unapungukiwa pale Hilton Head? Maana wachezaji hawadanganyi, ni kweli kuna asubuhi mpira unadondoka kabla ya grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo. Wanachokosea ni mtuhumiwa.

Mtuhumiwa wa kweli namba moja ni baridi. Mwezi wa nne maji ya Atlantiki upande ule bado hayajapata joto, na upepo wa bahari unapoingia mchana unakuja na ubaridi wa maji yale. Hewa baridi imebanana, viti ni vingi zaidi kwenye ujazo ule ule, kwahiyo hapa ndo hewa ya bahari inaweza kuwa nzito kweli, ila kwa sababu ya ubaridi, huku unyevu wake ukijaribu kuipunguzia kidogo bila mafanikio. Asubuhi yenye nyuzi 12 na mchana wenye nyuzi 25 zinatofautiana uzito wa hewa kwa asilimia nne na ushee, mara kadhaa ya kile unyevu unachoweza kufanya. Ongeza kwamba mpira wenyewe ukiwa baridi unadunda vibaya kwenye fimbo. Kwahiyo mtu anaanza saa moja asubuhi, kila kitu kina umande, mpira unafika yadi chache pungufu, anaangalia ule umande anausingizia. Umande una hatia yake nyingine lakini: maji yakikaa kati ya uso wa fimbo na mpira, mpira unateleza na haupati mzunguko wake wa kawaida, ukitua hausimami. Hiyo ni kweli, ila ni habari ya fimbo, sio ya hewa.

Namba mbili ni kimo, au tuseme kukosa kimo. Kisiwa kiko usawa wa bahari, huwezi kushuka zaidi ya hapo. Kwetu hii inaonekana vizuri kuliko mahali pengi. Uwanja wa Muthaiga, Nairobi, ambapo Kenya Open imechezwa mara nyingi, uko kwenye mita 1,700 hivi, na hewa ya pale ni pungufu kwa kama asilimia 15 ukilinganisha na ya pwani. Mchezaji wa Nairobi akishuka Vipingo, Kilifi, akapiga fimbo yake ya siku zote, mpira ukaishia yadi kama 10 nyuma ya alipokusudia, atakwambia hewa ya bahari nzito. Yuko sahihi kwamba ni nzito. Ni nzito kwa sababu ameshuka mlima, na ingekuwa kavu kama ya Jangwa la Sahara ingemrudisha nyuma kidogo zaidi.

Namba tatu ni upepo, na kwa Harbour Town huyu ndo mwenye kesi kubwa kuliko wote. Uwanja ule sio ule wa wazi wa pwani unaoufikiria. Mashimo mengi yamejificha kwenye misonobari na mialoni mikubwa iliyoning'iniwa na mimea ya kijivu, chini hapo unaweza kukaa husikii upepo kabisa. Angalia kedi, yule msaidizi anayembebea mchezaji begi, anavyofanya: anachuma nyasi kidogo anaziachia, zinadondoka wima kama hakuna kitu, mchezaji anataka kuchukua fimbo, kedi anamshika bega anamwonyesha juu. Vilele vya misonobari vinayumba. Mpira wa mchezaji wa kulipwa unapanda karibu mita 30, unatoka nje ya kivuli cha miti, unakutana na upepo ambao aliyeupiga hajausikia hata kidogo usoni. Na upepo wa mbele unaumiza kuliko upepo wa nyuma unavyosaidia, sababu kizuizi hakiongezeki taratibu, kasi ya hewa dhidi ya mpira ikizidi mara mbili kizuizi kinakaribia mara nne. Afu ghafla unatokea shimo la 17, miti imeisha, mbele yako maji ya Calibogue, na la 18, yadi 472, maji kushoto njia nzima. Hapo sasa upepo unausikia mpaka kwenye meno.

Na yadi tano pale sio kitu cha kupuuza, maana grini za Harbour Town ni ndogo, wastani wa kama futi za mraba 3,700, kati ya ndogo kuliko zote kwenye PGA Tour, ule msururu wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa Marekani. Viwanja vingine ukikosea yadi tano bado uko kwenye grini unalalamika, hapa uko kwenye mchanga. Ndo maana waliotamba pale sio lazima wapiga mbali. Brian Gay, ambaye kwa wenzake alikuwa wa kupiga mafupi, alishinda 2009 kwa tofauti ya mikwaju 10.

Kuna mwaka mmoja ulioleta jaribio bila mtu kupanga. 2020, kwa sababu ya korona, mashindano yalihamishwa kutoka mwezi wa nne kwenda wa sita, bila watazamaji, kwenye joto na fukuto halisi la kiangazi cha kusini mwa Marekani. Kama hewa ya unyevu ingekuwa nzito, ile ingekuwa wiki ya mateso. Webb Simpson akamaliza na mikwaju 262, yaani 22 chini ya idadi iliyopangwa kwa uwanja, rekodi mpya ya mashindano, akiipita ya Gay kwa mikwaju 2. Sasa usikimbie na hii ukasema unyevu umempa ushindi, hapana, joto lilisaidia, grini zilikuwa laini mpira ukitua unakaa, na wachezaji walikuwa na njaa ya kucheza baada ya miezi mitatu nyumbani. Na Jumapili mchezo ukasimamishwa kwa ngurumo za radi, ambazo nazo zinapata nguvu kwenye hewa ya namna hiyo hiyo, yenye joto na mvuke, inayopanda juu kwa sababu ni nyepesi.