Kuhuisha eneo la viwanda sio kujenga maghorofa

Wiki hii tena nimeona mtu kaposti picha ya maghorofa ya vioo kando ya mto, chini kaandika "eneo la viwanda limehuishwa". Kila kitu pale ni kipya isipokuwa mto wenyewe, umebanwa na kuta za zege kama zamani. Kwa kifupi tu, kuhuisha eneo la namna hiyo ni kuifanya ardhi na maji yake viweze kubeba uhai tena, majengo yanakuja baadaye.

Sasa neno lenyewe. Huisha limetokana na hui, yani kurudi kuwa hai, na ni ndugu wa hai na uhai, wote asili yao Kiarabu. Halina uhusiano wowote na isha, ingawa ukisema "maji huisha" macho yanaona neno lile lile na maana inageuka kabisa, maji yanakwisha. Siku hizi tunahuisha taarifa, tunahuisha leseni, watu wa katuni nao wana uhuishaji wao, na sina tatizo na hayo. Ila ukisema umehuisha kitu maana yake kilikuwa kimekufa, kwa hiyo lazima ujue ni kitu gani hasa kilichokufa, na hapa ndo watu wengi wanapopotea.

Chukua mashariki mwa London, bonde la mto Lea, pale ilipojengwa bustani ya Olimpiki ya 2012. Watu walipaita mahali palipokufa. Sio kweli, zilikuwepo biashara kama 200 zinafanya kazi, watu walikuwa wanaishi pale na wengine wanalima bustani zao za mboga, na wote walihamishwa. Kilichokufa ni udongo. Zaidi ya miaka 100 ya viwanda iliacha mafuta, lami, madini ya risasi, na sumu kama arseniki na sianidi. Hackney Wick, hapo hapo pembeni, ndipo plastiki ya Parkesine ilipotengenezwa mwaka 1866, na kampuni ya Carless ndiyo iliyoanza kuuza mafuta kwa jina la petrol miaka ya 1890, jina hili hili tunalolitaja kila siku kwenye vituo vya mafuta. Kila kiwanda kikamwaga chake chini, na kingine hadi mtoni.

Kwa hiyo kabla hata ya uwanja kuinuka mafundi walichimba, wakapeleka udongo kwenye mitambo ya kuuosha, walikuwa wanaiita hospitali za udongo na mi naona jina linafaa sana. Unachekecha, unaosha kwa maji, mchanga na kokoto vinatoka safi kwa sababu sumu nyingi hung'ang'ania ile tope laini, basi unashughulika na tope tu badala ya kubeba mlima mzima kwenda kuutupa kijijini kwa watu wengine. Penye mafuta wanaweza kutumia bakteria wakayala polepole. Tani kama milioni 2 zilisafishwa hivyo na zaidi ya asilimia 80 ya kilichochimbwa kilirudi kutumika pale pale. Minara 52 ya umeme ikaondolewa, nyaya zikapita kwenye mahandaki chini ya ardhi. Vyura na samaki walikamatwa wakahamishwa kabla ya mashine kuingia.

Alafu mto, na kwangu mi huu ndo moyo wa kazi yote. Sehemu kubwa ya kingo ilikuwa imesimama wima, kwa upande wa kaskazini wakazilaza ziwe mteremko, wakapanda matete na mimea mingine ya ardhioevu zaidi ya 300,000, ili maji yakijaa yapate pa kutanuka badala ya kuingia majumbani kwa watu. Hii ni kazi ya uhandisi hasa, imepigiwa hesabu za mafuriko, sio urembo wa bustani, na ukipita leo unaona majani tu, hujui chini kuna nini.

Kwa hiyo ndugu yangu wa ile picha, sina ubaya na maghorofa yako. Kama udongo ulisafishwa na mto ukapata nafasi, tuonyeshe na hiyo sehemu, tutafurahi kuiona. Kama ni majengo tu, andika "wamejenga", neno hilo linatosha kabisa.