Koti kwa Mtu wa Mombasa: Wanayosema Watu na Ulivyo Ukweli

Mpwa wangu anaondoka mwezi wa tisa. Amepata chuo Warsaw, Poland, na tangu habari ifike kwetu Majengo kila jirani amegeuka bingwa wa makoti. Huyu anamwambia atafute lililo zito kupita yote, yule anamwonya asiguse mtumba, na bibi yake amemfungulia sanduku lenye kabuti la marehemu babu, limejaa nafthalini hadi macho yanachoma. Mimi ni fundi cherehani. Makoti hunilisha toka Juni hadi Agosti, watu wakienda bara, na tena kila wanafunzi wanapokaribia kupanda ndege. Nikaona heri niyaandike haya mara moja, kuliko kuyarudia kwa kila anayekaa barazani pangu.

"Koti si vazi la watu wa pwani"

Mombasa haina baridi ya kutetemesha, hilo kweli. Kipupwe kikikolea, Julai na Agosti, usiku hushuka hadi nyuzi 20 hivi, kusi likivuma tunajikunyata, na mtu wa Limuru akitusikia atacheka. Lakini kuliita koti vazi la wageni ni kusahau ya kwetu. Bwana arusi huvaa joho. Mzee akienda maulidini huvaa kanzu, koti juu yake, kofia ya viua kichwani na bakora mkononi, wala hakuna anayemuuliza baridi iko wapi, maana koti lile ni heshima. Kuna kizibao, kuna bushuti. Na joho (simtaji Hassan Joho, aliyekuwa gavana wetu) zamani lilikuwa jina la kitambaa chenyewe, sufu nzito, kabla halijawa jina la vazi.

Simama karibu na daraja la Nyali alfajiri uwatazame bodaboda. Wengi wamevaa jaketi kinyumenyume, mgongo wa jaketi uko kifuani, zipu iko nyuma. Anayecheka hajui kinachofanyika. Jaketi halitoi joto. Joto ni lako wewe, jaketi linaishika tu hewa iliyokwisha kupashwa na mwili isikimbie. Upepo ukipata upenyo wa zipu au wa vifungo, hewa ile inaondoka na wewe unaanza upya. Bodaboda ameuziba upenyo kwa kugeuza vazi, na hakufundishwa na mtu.

"Makoti ya vuli ni makoti ya vuli yetu"

Hapa kosa ni la kamusi. Majira ambayo Wazungu majani yao hupukutika, Septemba hadi Novemba, tumezoea kuyatafsiri "vuli". Vuli yetu ni mvua fupi za Oktoba hadi Desemba, na jua linapanda kuelekea kaskazi. Ukisoma kwamba vuli ni wakati wa koti la sufu ukalivaa Oktoba pale Mwembe Tayari, utafukiwa na jasho kabla hujafika Posta. Hali ya hewa iliyo karibu na ile wanayoisema utaipata Nairobi ya Julai, au Limuru.

Kwa mpwa wangu hesabu ni nyingine. Warsaw mwezi wa Septemba mchana huwa na nyuzi 19 hivi. Novemba mchana haupiti sana 6, na usiku unakaribia sifuri. Miezi mitatu hiyo haivaliki kwa koti moja.

"Lililo zito ndilo lenye joto"

Hili ndilo lililomfanya dada yangu anunue kitu kama godoro. Nikamuuliza, na mtoto akiingia darasani? Nyumba za kule zina mitambo ya kupasha joto, ndani mtu hukaa na shati. Mwenye koti moja nene atakuwa anachemka ndani na kulibeba mkononi, na begi la ndege nalo lina kilo 23 tu. Wanaoishi huko huvaa tabaka: fulana, shati, sweta, kisha koti la kuzuia upepo. Kila tabaka linashika hewa yake, na kila moja huvuliwa pekee.

Uzito nao hudanganya. Jaketi lililojazwa manyoya laini ya bata ni jepesi kama mto wa mtoto na hulishinda kwa joto koti la mwanajeshi. Ila likilowa limekwisha, manyoya hushikana na hewa hutoka. Sufu hunyonya maji mpaka karibu thuluthi ya uzito wake kabla hujahisi kwamba imelowa, na hata ikiwa na unyevu haikuachi bila joto.

Kwa sisi tunaobaki hapa kuna upande wa pili wa jambo hili. Watu huikimbia sufu nyepesi wakidhani ndiyo itakayowatoa jasho, wakanunua suti ya poliesta. Sufu nyembamba hupumua. Mara nyingi kinachokupika ni bitana. Geuza koti ndani nje utazame: likiwa na bitana ya poliesta kutoka kola hadi pindo, umevaa mfuko wa plastiki wenye mikono. Mimi huikata bitana ya mgongoni nikaacha ya mabegani na mikononi, na mteja hurudi kunishukuru.

"Trenchi ni koti la baridi"

Trenchi ni koti la mvua na upepo. Thomas Burberry aliibuni gabadini mwaka 1879 huko Basingstoke, Uingereza: uzi wa pamba uliotiwa dawa ya kuzuia maji kabla ya kufumwa, kisha ukafumwa kwa kubana sana. Maofisa wa Uingereza wakayavaa makoti ya gabadini kwenye mahandaki ya vita vya 1914 hadi 1918, na mahandaki hayo, kwa Kiingereza "trench", ndiyo yaliyolipa koti jina. Zile kanda za mabegani zilikuwa za kuwekea alama za cheo. Bila bitana ya sufu ya kupachika, trenchi haitakupa joto la maana Novemba ya Poland. Na masika ya Mombasa nayo yanataka mwavuli. Gabadini ikilowa chapachapa hapa haikauki upesi.

Mengine nitayapita mbio. Koti la dafo, lile lenye vifungo vya vijiti na vitanzi, limepata jina kutoka Duffel, mji wa Ubelgiji uliosifika kwa sufu nzito, na vijiti vile vinafungika hata ukiwa na glavu. Jaketi la rubani lenye bitana ya rangi ya chungwa hufikiriwa ni la fasheni za vijana. Rangi ile iliwekwa ili rubani aliyeanguka aligeuze aonekane na waokoaji. Na dangirizi, ambayo wengi wanaapa ni ya Wamarekani, jina lake lilitoka Dongri, Mumbai, likaingia Kiingereza, ndipo likatua kwetu. Nguo yenyewe ikazunguka njia ndefu kurudi Bahari ya Hindi.

"Koti la heshima ni lile la tai"

Novemba 2023 Spika Moses Wetang'ula alipiga marufuku suti za Kaunda bungeni, na wateja wangu wawili wakaja kuuliza kama wazichome. Kwa nini? Bunge lina kanuni zake, harusi ya Kisauni ina zake. Vazi lililopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, halihitaji tai wala shati ndani, na katika joto letu ndilo koti lenye akili kuliko yote ninayoshona.

"Mitumba ni nguo za maiti"

Wazee waliziita kafa Ulaya, na jina limekwama kichwani. Ukweli ni kwamba nyingi hutolewa na watu walio hai, wamezichoka au zimewabana. Hukusanywa, huchambuliwa kwa aina na ubora, hufungwa marobota, na kabla hazijaingia nchini hutakiwa cheti kwamba zimefukizwa dawa. Mwaka 2020 serikali ilizuia uagizaji wake kwa hofu ya korona, kuanzia Machi hadi Agosti, na Kongowea palikuwa pakiwa. Cha kuogopa ni kuchelewa. Robota likifunguliwa, kamera, yaani zile bora kabisa, huondoka asubuhi ile ile, na ukifika alasiri unaifukua fagia, mabaki yasiyotakiwa.

Ukiwa pale usilihangaikie jina la kampuni. Shika mabega. Mshono wa bega ukikaa pale bega lako linapoishia, nunua. Kiuno nitakipunguza, mkono nitaukata, lakini bega kulifumua ni kulishona koti upya, na bei yangu utaikataa. Namba nazo zisikutishe: 42 ya Uingereza ni 52 ya Italia au Ujerumani, ongeza kumi tu.

"Nondo wanakula koti, tia nafthalini"

Narudi kwa kabuti la babu. Nondo mwenyewe hali kitu. Yule wa nguo akishakuwa na mbawa mdomo wake haufanyi kazi, anaishi kwa akiba, anazaa, anakufa. Anayetoboa ni kiwavi wake, na anachotaka ni sufu, manyoya na hariri, hasa penye jasho au tone la mchuzi. Yule unayemwona akizunguka taa si yeye, kwa sababu nondo wa nguo huikimbia nuru. Kwa hiyo ukimuua wa kwenye taa ukalala usingizi, kiwavi yuko chini ya kola anaendelea.

Nafthalini haiui kwa harufu ya kupita. Mvuke wake lazima ujae ndani ya chombo kilichofungwa. Vigololi viwili kwenye kabati linalofunguliwa kutwa ni vya kukuumiza kichwa tu. Na kuna jambo zito zaidi. Pwani yetu, kama sehemu nyingi zenye malaria, ina watu wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na wengi hawajui. Kwao nafthalini huweza kuvunja chembe nyekundu za damu. Kwa mtoto mchanga hatari ni kubwa zaidi, anaweza kupata manjano kali na upungufu wa damu kutokana na nguo au blanketi lililohifadhiwa nayo. Usimfunike mtoto kwa nguo iliyotoka sandukuni na harufu ile, hata kama bibi amesisitiza. Mama yangu nilimwambia kwa adabu, akaninunia siku mbili.

Udi na karafuu? Vinanukia vizuri, endelea kuvifukiza, lakini usivitegemee kuua mayai. Kinachofaa ni friza. Lisafishe koti, lifunge ndani ya nailoni, lilaze kwenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri wiki mbili. Ukilitoa usilifungue mpaka lipoe ubaridi, lisije likatoa jasho ndani. Kabuti la babu limelala na changu na tafi wa dada yangu kwa siku kumi na nne, na kila mgeni aliyefungua friza aliuliza ni maiti ya nani.

Mombasa lakini adui wa koti si nondo peke yake. Unyevu wa hewa yetu huleta kawa. Mwaka mmoja niliacha koti la mteja ndani ya mfuko wa nailoni kutoka masika hadi kipupwe nikidhani nalilinda. Nilipolitoa lilikuwa na madoa ya kijani kwenye kola, na nikalilipa. Sasa hufunika makoti kwa shuka kuukuu la pamba, na siku ya upepo nayatoa kibarazani, kivulini.

"Sufu lazima iende drai klini kila mara"

Brashi na upepo vinatosha mara nyingi. Kinachoiua sufu ni maji ya moto na kusuguliwa: nyuzi zake zina magamba, yanashikana na hayaachani, na nguo inarudi. Dobi mmoja, namuhifadhi jina, alinirudishia koti la mtu mzima likimtosha mtoto wa darasa la nne.

"Ngozi halisi ichome na kiberiti"

Tafadhali msichome makoti ya watu. Tazama ukingo uliokatwa au upande wa ndani. Ngozi ina nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo. Ya bandia ina kitambaa kilichofumwa, na juu yake utando wa plastiki. Wengi husema utando huo hubambuka kwa jua. Hapa kwetu hubambuka hata ndani ya kabati, kwa sababu unyevu wa hewa huimega plastiki ya aina ile taratibu. Ndiyo maana jaketi uliloliweka akiba la Idi linakungoja likiwa na ukurutu.

"Ule uzi wa msalaba ni urembo"

Jumamosi mpwa wangu alikuja na koti la mabaharia, sufu nzito ya bluu, safu mbili za vifungo. Shilingi 1800, Kongowea, kamera. "Shikamoo mjomba, nilitie pasi tu?" Nikaligeuza. Kwenye mpasuo wa nyuma kulikuwa na uzi mweupe umevuka kama herufi X, lebo imeshonewa juu ya mkono wa kushoto, na mifuko haifunguki. Halikuwahi kuvaliwa. Nikamwita mama yake aje aone kafa Ulaya aliyekufa kabla hajatia mkono ndani ya koti lake.

Uzi ule huwekwa kiwandani ili mpasuo usijikunje safarini, na lebo ni ya dukani. Wako watu nawaona mjini wanatembea navyo mwaka mzima, mkono umenyooshwa lebo isomeke. Nikachukua wembe.

"Mjomba, utaliharibu!"

Nikaukata msalaba, mpasuo ukaachia. Nikafumua lebo. Mifuko niliifungua mwisho, tundu moja moja, kwa ncha ya wembe. Akatia mkono wa kulia, akautoa, akautia tena.