Je, wajua kwa nini wanawake walioulenga mzinga hawakuruhusiwa kuufyatua?

Kuanzia 1941 hadi mwisho wa Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilikuwa na vikosi mseto vya mizinga ya kutungulia ndege. Wanawake ndio walioitambua ndege ya adui, wakapima umbali na kimo chake, wakakokotoa mahali pa kuipiga na kuupelekea mzinga jibu. Kisha akafyatua mwanamume. Ndiyo iliyokuwa kanuni, hata kama mwanamke alisimama hatua chache tu kutoka hapo.

Wengi hujibu haraka kwamba ni uzito, na hoja hiyo ina chembe ya ukweli. Risasi moja ya mzinga wa inchi 3.7 ilikuwa na zaidi ya kilo 20, na ilipaswa kupakiwa mfululizo, usiku kucha ikibidi. Mwaka 1938 Jenerali Frederick Pile, ambaye baadaye aliongoza ulinzi wote wa mizinga hiyo nchini, alimwomba mhandisi Caroline Haslett aangalie kazi zipi wanawake wangeziweza. Haslett aliona wangeweza karibu zote, ukiondoa ile nzito ya kwenye mzinga wenyewe.

Lakini kupakia ni kazi moja na kufyatua ni nyingine. Kuvuta wenzo hakuhitaji misuli. Isitoshe, Agosti 1942, nje ya Stalingrad, kikosi cha 1077 cha Kisovyeti kilichojaa wasichana kilipakia na kufyatua mizinga ya kutungulia ndege, tena kikaielekeza kwenye vifaru vya Wajerumani. Kama ni mwili, mwili ulikuwa uleule.

Kilichotofautiana ni sera. Wanawake wa ATS (Auxiliary Territorial Service, yaani huduma saidizi), tawi la wanawake la jeshi la nchi kavu la Uingereza, walianza mwaka 1938 wakiwa watu wa kujitolea. Desemba 1941 Bunge lilipitisha sheria ya kuwaandikisha kwa lazima wanawake wasioolewa, na ndani yake mna kifungu cha ajabu: mwanamke asilazimishwe kutumia silaha ya kuua, wala kushiriki katika matumizi yake, mpaka aridhie kwa maandishi. Kwa hiyo hata aliyeandikishwa kwa nguvu alibaki mtu wa kujitolea kwa jambo hilo moja. Ukiisoma kwa makini, sheria ilimwachia mlango: aweke saini, atumie silaha. Ni serikali na jeshi waliokataa asiupite. Taifa lilikuwa tayari kumwona mwanamke akishiriki kuua, mradi asionekane akiua.

Sasa tuangalie alishiriki kwa kiasi gani, maana hapa ndipo neno “msaidizi” linapochekesha.

Risasi ya mzinga ilichukua sekunde nyingi kufika juu. Ndege iliyokuwa ikienda kilomita 400 kwa saa ilisogea zaidi ya kilomita 2 ndani ya sekunde 20. Ukiilenga pale ilipo, unapiga hewa. Ni kama kumpasia winga anayekimbia: mpira hupelekwa kwenye nafasi iliyo wazi, pale atakapokuwa, si pale alipo. Mpasiaji hukisia kasi ya winga, njia yake na muda ambao mpira utakaa hewani, na akikosea kimoja tu pasi inatoka nje. Tofauti ni kwamba winga huyu yuko kilomita kadhaa angani, gizani, na hataki kabisa kuipokea.

Hesabu hiyo ilifanywa na mashine ya magurudumu na meno, iliyozungukwa na wanawake kadhaa. Kila mmoja alikuwa na gurudumu lake la kuzungusha, akifuata mshale au shabaha bila kuyumba. Mashine ilitoa majibu matatu: mwelekeo, mwinuko, na muda wa fyuzi, yaani sekunde ngapi risasi ikae kabla ya kulipuka. Majibu hayo yalipita kwenye waya hadi kwenye saa za mzinga, na wanaume wakazungusha mpini mpaka mishale ilingane. Kwa lugha nyingine, mwenye kidole kwenye wenzo ndiye aliyekuwa na uamuzi mdogo kuliko wote.

Mashine hiyo ilikuwa na udhaifu mmoja mkubwa: ilidhani rubani ataendelea kunyooka. Akikata kona baada ya risasi kutoka, hesabu yote huenda na maji. Ndiyo maana si haki kupima ubora wa wanawake hao kwa idadi ya ndege zilizoanguka. Matokeo ya mizinga yaliboreka sana vita vilivyoendelea, lakini rada iliboreka pia, na kuanzia 1944 zikaja fyuzi zilizohisi zenyewe kwamba ndege iko karibu. Kutenganisha mchango wa watu na wa vyombo ni kazi ngumu.

Hatari, kwa upande wake, haikubagua. Aprili 1942 msichana wa ATS aliuawa na kipande cha bomu akiwa kwenye mashine ya kukokotoa. Mwenzake alishika nafasi yake na kazi ikaendelea. Malipo yalibagua: mwanamke alipata theluthi mbili za mshahara wa mwanamume wa cheo kilekile.

Katika majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, baadhi ya vikosi mseto vilivushwa hadi Ubelgiji kulinda miji dhidi ya V-1, mabomu ya kuruka ya Wajerumani. V-1 haikuwa na rubani, hivyo haikukata kona wala haikuwa na mtu wa kuuawa ndani yake. Hata kwa hiyo, mzinga ulifyatuliwa na mwanamume.