Kwa nini viendelezi vya GNOME hugoma kila toleo jipya

GNOME ni mazingira ya eneo-kazi ya Linux: madirisha, menyu na upau wa juu unavyoviona kwenye skrini. Kiendelezi ni programu ndogo inayoyaongezea kitu. Kati ya viendelezi ninavyovitunza, kinachopendwa zaidi na wateja wangu hapa Dar es Salaam ndicho kidogo kuliko vyote: kinaonyesha saa ya Kiswahili kwenye upau wa juu wa GNOME. Saa moja asubuhi isomeke 1:00, siyo 7:00. Hesabu yenyewe ni kutoa sita tu. Lakini mtu akipandisha toleo, simu inaita: "Fundi, saa imepotea."

GNOME hutoa toleo jipya kila Machi na Septemba. Kiendelezi hakikai pembeni kama programu nyingine. Kinaendeshwa ndani ya GNOME Shell yenyewe, yaani programu inayochora upau na menyu hizo, na kushika vitu vya ndani ambavyo hakuna aliyeahidi kwamba havitabadilika. Ni mpangaji aliyegongomelea rafu kwenye ukuta wa mwenye nyumba.

Ndiyo maana metadata.json, faili la maelezo ya kiendelezi, lina orodha ya shell-version, yaani matoleo ya Shell kinayoyakubali. Toleo lako lisipotajwa humo, Shell inagoma kukiwasha. Wapo wanaoongeza namba bila kujaribu chochote, na wapo wanaozima ukaguzi wenyewe kwa gsettings, amri ya kubadilisha mipangilio ya GNOME. Kwenye mashine yako ya majaribio, sawa. Kwenye kompyuta ya mhasibu mwisho wa mwezi, hapana.

Kishindo kikubwa kilikuja na toleo la 45, Septemba 2023. Utaratibu wa zamani wa kuita maktaba uliachwa, zikaingia moduli za kisasa za JavaScript. Mstari `const St = imports.gi.St;` ukawa `import St from 'gi://St';`, na kifurushi kimoja hakiwezi tena kuhudumia 44 na 45. Toleo la 46 nalo likaondoa `add_actor`, amri ya kuweka kitu ndani ya kingine kwenye skrini. Sasa ni `add_child`. Wateja wangu wengi wako kwenye Ubuntu LTS, matoleo ya Linux yanayotunzwa kwa miaka mingi: 22.04 ilikuja na GNOME 42, 24.04 ikaja na 46. Hao walilala na 42, wakaamka na 46.

Kwa hiyo natunza matawi mawili ya msimbo wangu, la mpaka 44 na la kuanzia 45. Tovuti ya viendelezi ya GNOME humpa kila mtu kifurushi kinacholingana na Shell yake.

Toleo la beta, yaani la majaribio, hutoka mwezi mmoja hivi kabla. Nalipakua kwa bando la usiku, naliweka kwenye mashine pepe (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yangu), kisha nafungua `journalctl -f -o cat /usr/bin/gnome-shell` na kusoma malalamiko kwenye logi, kumbukumbu ya makosa ya Shell. Kipimo ninachokiamini zaidi ni kufunga skrini. Skrini ikifungwa, Shell kwa kawaida huita `disable()`, yaani hukizima kiendelezi. Ikifunguliwa, huita `enable()`, hukiwasha tena. Saa yangu hujisasisha kwa kipima muda cha `GLib.timeout_add_seconds`, na `disable()` isipokiondoa kipima muda hicho, kitaendelea kuandika kwenye lebo iliyokwisha kufutwa, logi ijae makosa. Nafunga na kufungua tena na tena. Upau ukibaki na saa yangu moja tu, siyo mbili bega kwa bega, na logi ikiwa kimya, ndipo naandika namba mpya kwenye shell-version.

Juzi nimeombwa niingize tarehe za Hijria ndani ya kalenda ya GNOME. Nimekataa kuigusa kalenda yenyewe, maana ningelazimika kuchokonoa dateMenu.js, faili la Shell la menyu ya tarehe, kila baada ya miezi sita. Nitaziweka kwenye menyu ya kitufe cha saa yangu.