"Over-" imepita nini?

Mimi ni mtafsiri, na nyaraka nyingi zinazonifikia hapa Nairobi ni za waajiri, za hospitali na za kamati za serikali. Kiambishi cha Kiingereza kinachonipa kazi kuliko vyote ni "over-". Wengi tulifunzwa kwamba maana yake ni kuzidi, basi. Mimi kwanza hujiuliza: ni nini kilichopitwa?

Matatu ya abiria 14 ikibeba 17, kilichopitwa ni kipimo, na hiyo ndiyo "overload". Lakini ovataimu haina lawama. Kilichopitwa ni saa za kawaida tu, na agizo la jumla la mishahara nchini linataka saa hizo zilipwe mara moja na nusu, au mara mbili siku ya mapumziko na sikukuu. Nikiandika "kazi ya kupindukia" kwenye mkataba, nimegeuza haki ya mfanyakazi kuwa lalamiko. Naandika "saa za ziada".

Kwa "oversleep" Kiswahili kilishafika zamani: kupitiwa na usingizi. Kitenzi ni kilekile, kupita, ila anayepitwa ni mtu mwenyewe. Nalipenda sana tamko hili.

Neno gumu ni "oversight". Kifungu cha 95 cha Katiba ya 2010 kinalipa Bunge la Taifa jukumu hilo juu ya vyombo vya dola, na hapo maana yake ni kusimamia: jicho liko juu, linatazama chini. Neno hilohilo kwenye ripoti ya ukaguzi laweza kuwa na maana ya kughafilika: jicho limepita juu ya kitu bila kukiona. Mtafsiri asiyesoma aya nzima atasema mhasibu alisimamia kosa, kumbe lilimpita. Hapo jina la mtu linaharibika.

Halafu kuna "overdose". "Kuzidisha dozi" ni tafsiri sahihi, lakini mgonjwa haambiwi mpaka uko wapi. Parasetamoli kwa mtu mzima isipite gramu 4 kwa saa 24. Zaidi ya hapo ini linaweza kuharibika. Kwa hiyo kwenye karatasi ya mgonjwa naandika idadi yenyewe: vidonge vya miligramu 500, visizidi 2 kwa mara moja, wala 8 mchana na usiku.