Ukinzani na nguvu ya umeme: kugawanya na kuzidisha

Ukishajua volti zilizopo kwenye kifaa na ampea zinazopita ndani yake, hesabu mbili fupi zinakupa mengine mawili. Gawanya volti kwa ampea, upate ukinzani, unaopimwa kwa omu. Zidisha volti kwa ampea, upate nguvu, yaani wati.

Chukua birika la umeme lililounganishwa kwenye volti 240 na kuvuta ampea 10. Ukinzani wake ni 240 ÷ 10, yaani omu 24. Nguvu yake ni 240 × 10, yaani wati 2,400. Balbu ya kizamani ya waya, kwenye volti hizohizo, huvuta ampea 0.25 tu: omu 960, wati 60.

Hapo ndipo wengi hujikwaa. Ukinzani ni kile kinachozuia mkondo, yaani umeme unaopita, unaopimwa kwa ampea, na kuzuiwa huko ndiko kunakozaa joto, kwa hiyo mtu hudhani kifaa chenye omu nyingi ndicho kitakachochoma zaidi. Linganisha tena birika na balbu. Volti zikibaki zilezile, omu zikipungua mkondo huongezeka, na wati huongezeka nao. Waya wa birika una ukinzani mdogo mara 40, na nguvu yake ni kubwa mara 40.

Waya wa kupeleka umeme una habari nyingine. Humo kinachoamua ni mkondo unaovutwa na kifaa kilicho mwishoni, na joto la waya hupatikana kwa kuzidisha ampea kwa ampea, kisha kwa omu za waya wenyewe. Waya wa omu 0.5 ukipitisha ampea 5 hupoteza wati 12.5. Upitishe ampea 10 na utapoteza wati 50: mkondo umeongezeka mara mbili, joto mara nne. Ndiyo maana waya mwembamba wa eksitensheni, tena ukiwa umeviringishwa, hupata moto ukichomekewa hita.

Kanuni ya kugawanya inaitwa kanuni ya Ohm, kwa jina la Georg Simon Ohm, Mjerumani aliyeichapisha mwaka 1827. Inashika vizuri pale joto lisipobadilika sana. Balbu yetu ya omu 960 ukiipima ikiwa baridi, utakuta omu zisizofika 100, na multimita yako, yaani kipimo cha volti, ampea na omu, haijaharibika. Waya wake ukipata moto, ukinzani hupanda mara kumi na zaidi. Ndiyo sababu balbu za aina hiyo hupenda kuungua papo hapo unapowasha, kwa kuwa mkondo wa kwanza huwa mkubwa mno. Omu ulizozipata kwa kugawanya, basi, ni za hali ile uliyopimia.

Mota nazo zina lao: kwenye umeme wa AC, yaani ule unaogeuza mwelekeo kila mara, volti mara ampea huweza kutoa namba kubwa kuliko wati halisi, kwa sababu mkondo hauendi sambamba na volti.

Na unapopima, volti hupimwa kwa kugusisha ncha mbili za kifaa, lakini ampea ni lazima mkondo upite ndani ya kipimo chenyewe. Ukiweka multimita kwenye ampea halafu ukagusisha ncha mbili za umeme kana kwamba unapima volti, fanya hesabu ileile: volti 240 gawanya kwa ukinzani unaokaribia sifuri. Fyuzi yake ikiwahi kukatika, umebahatika.